Rais na Kongresi ya Marekani: nani anaamua nini, na uamuzi unakufikiaje kambini

Habari ikitoka Washington asubuhi, jioni inafika kambini imeshageuka mara tatu. Mmoja anasema Rais amefunga safari zote. Mwingine anasema Bunge lao limekataa, kwa hiyo safari zinaendelea. Wa tatu anasema mahakama imeshamaliza kesi na majina yatabandikwa wiki ijayo. Kwa maneno hayo watu wameuza mbuzi na baiskeli, wengine wamewatoa watoto shuleni.

Makala haya yanakueleza jinsi mamlaka yalivyogawanywa Marekani kati ya Rais, Kongresi na mahakama. Si kwa ajili ya wanaosubiri safari peke yao. Yanakuhusu pia wewe unayetegemea mgao wa chakula, wewe mwenyeji ambaye zahanati ya karibu nawe inapata dawa kwa msaada wa nje, na wewe mwenye ndugu ambaye tayari yuko huko. Ukijua nani ana uwezo wa kufanya nini, utajua pia habari ipi ya kuamini na ipi ya kuacha ipite.

Kwa ufupi

- Kongresi inatunga sheria na inapanga matumizi ya fedha za serikali.
- Rais anatekeleza sheria, anaongoza wizara na jeshi, na anaweza kukataa mswada.
- Mahakama inaamua kama sheria au amri inaendana na Katiba na sheria nyingine.
- Idadi ya juu ya wakimbizi wanaoweza kupokelewa Marekani kila mwaka hupangwa na Rais, baada ya kushauriana na Kongresi.
- Hakuna Rais, mbunge wala jaji anayetuma mtu kambini kukusanya pesa za safari.

Katiba iligawa mamlaka kwa makusudi

Katiba ya Marekani iliandikwa mjini Philadelphia mwaka 1787 na ikaanza kutumika mwaka 1789. Walioiandika walikuwa wametoka kupigana na mfalme wa Uingereza, na hawakutaka mtu mmoja ashike kila kitu tena. Kwa hiyo walianza na Kongresi katika kifungu cha kwanza, wakamweka Rais katika kifungu cha pili, na mahakama katika kifungu cha tatu. Kila upande ulipewa kazi yake, na pia njia ya kuuzuia mwenzake usizidi.

Ukitoka nchi kama Tanzania, ambako mawaziri ni wabunge na Rais anaweza kulivunja Bunge katika hali fulani, utaona tofauti. Marekani hakuna waziri mkuu. Waziri haruhusiwi kuwa mbunge wakati huohuo. Rais hawezi kuivunja Kongresi hata ikimkasirisha namna gani, na Kongresi nayo haiwezi kumwondoa Rais kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Wote wanabaki mpaka muda wao uishe, wapatane wasipatane. Wasomaji wa Kenya watauona mfumo huu si mgeni sana, kwa sababu Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 pia iliwatoa mawaziri bungeni na kuweka mabaraza mawili.

Kongresi ni nini?

Kongresi ni bunge lenye mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435, na kila jimbo hupata viti kulingana na wingi wa watu wake. Wajumbe hawa huchaguliwa kila miaka 2. Baraza la Seneti lina wajumbe 100, wawili kwa kila jimbo kati ya majimbo 50, liwe jimbo kubwa au dogo. Seneta hukaa miaka 6, na karibu theluthi moja ya maseneta huingia kwenye uchaguzi kila baada ya miaka 2.

Ndiyo maana unaweza kusikia kuna uchaguzi mkubwa Marekani wakati Rais hagombei. Ni uchaguzi wa Kongresi, unaofanyika katikati ya kipindi cha Rais. Chama cha Rais kikipoteza wingi katika baraza moja, Rais anabaki madarakani, lakini kupitisha sheria na bajeti kunakuwa kugumu zaidi kwake.

Mamlaka makuu ya Kongresi ni haya:

- Kutunga sheria za nchi nzima, zikiwemo za uhamiaji, uraia na wakimbizi.
- Kutoza kodi na kuidhinisha matumizi ya serikali.
- Kutangaza vita.
- Kusimamia biashara na nchi za nje.
- Kuchunguza kazi za serikali na kuwaita maofisa watoe maelezo mbele ya kamati.

Seneti ina kazi mbili za ziada. Inathibitisha mawaziri, mabalozi na majaji wanaoteuliwa na Rais. Pia inaridhia mikataba ya kimataifa, na kwa hilo inahitaji theluthi mbili ya maseneta waliopo. Mwaka 1968 Marekani ilijiunga na Itifaki ya 1967 kuhusu hadhi ya wakimbizi kwa njia hiyo.

Mswada unakuwaje sheria?

Hapa ndipo watu wengi hudanganywa. Mbunge mmoja akiandika mswada, habari zinaenea kwamba "Marekani imepitisha sheria". Mswada si sheria. Ni pendekezo tu, na mengi hufia kwenye kamati.

Ili uwe sheria, mswada unapaswa kupita katika mabaraza yote mawili kwa maneno yaleyale. Katika Seneti kuna ugumu wa ziada: miswada mingi huhitaji kura 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe na kura ya mwisho ipigwe. Ukipita kote, unapelekwa kwa Rais. Ana siku 10, bila kuhesabu Jumapili, za kuusaini au kuurudisha kwa kura ya turufu. Asipofanya lolote na Kongresi ikiwa inaendelea na vikao, mswada unakuwa sheria bila saini yake.

Rais akiukataa, Kongresi inaweza kumshinda kwa theluthi mbili ya kura katika kila baraza. Hutokea mara chache, lakini hutokea. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alikataa sheria ya kuiwekea vikwazo serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini. Seneti ilipiga kura 78 dhidi ya 21, Baraza la Wawakilishi nalo likapata zaidi ya theluthi mbili, na vikwazo vikawa sheria bila Rais kutaka.

Rais ana mamlaka gani?

Rais huchaguliwa kwa kipindi cha miaka 4, na tangu mwaka 1951 Katiba inasema hawezi kuchaguliwa zaidi ya mara 2. Uchaguzi hufanyika Novemba, naye huapishwa tarehe 20 Januari inayofuata. Kati ya tarehe hizo mbili, Rais wa zamani ndiye bado mwenye mamlaka. Mshindi wa uchaguzi hawezi kusaini amri yoyote kabla ya kuapishwa.

Katiba inampa Rais kazi hizi: kuhakikisha sheria zinatekelezwa, kuwa amiri jeshi mkuu, kufanya mapatano na nchi nyingine, kuteua mawaziri, mabalozi na majaji, na kusamehe makosa ya jinai ya serikali kuu. Msamaha huo hauhusu makosa yanayoshtakiwa chini ya sheria za jimbo.

Kuhusu vita, Kongresi ndiyo inayotangaza, Rais ndiye anayeamuru majeshi. Kwa kweli Kongresi haijatangaza vita rasmi tangu mwaka 1942, lakini majeshi ya Marekani yamepigana mara nyingi tangu hapo. Ndiyo maana mwaka 1973 Kongresi ilipitisha sheria, juu ya turufu ya Rais Richard Nixon, inayomtaka Rais kuiarifu ndani ya saa 48 akipeleka wanajeshi vitani, na kuwaondoa baada ya siku 60 kama Kongresi haijakubali, na siku 30 za nyongeza kwa ajili ya kuwaondoa salama. Marais na Kongresi wamekuwa wakibishana juu ya sheria hiyo hadi leo.

Amri ya Rais ina nguvu kiasi gani?

Amri ya Rais ni maagizo ya maandishi kwa wizara na idara zilizo chini yake. Haipigiwi kura na inaweza kuanza kazi siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo sababu mambo hubadilika ghafla Rais mpya anapoingia.

Lakini amri hiyo haina nguvu ya kujitegemea. Lazima isimame juu ya Katiba au juu ya sheria iliyopitishwa na Kongresi. Mwaka 1952, wakati wa vita vya Korea, Rais Harry Truman aliamuru serikali ichukue viwanda vya chuma ili mgomo usisimamishe uzalishaji. Mahakama ya Juu ilisema hakuna sheria iliyompa uwezo huo, na viwanda vikarudishwa kwa wenyewe.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba amri ya Rais mmoja inaweza kufutwa na Rais anayefuata kwa saini moja. Sheria haifutwi hivyo. Ili kuifuta, Kongresi inapaswa kupitisha sheria nyingine. Ukisikia habari, uliza kwanza: hii ni sheria au ni amri? Jibu litakuambia inaweza kudumu kwa muda gani.

Nani anapanga idadi ya wakimbizi?

Jibu liko katika Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1980, iliyopitishwa na Kongresi na kusainiwa na Rais Jimmy Carter mwezi Machi mwaka huo. Sheria hiyo iliweka maana ya neno mkimbizi kwa kufuata mkataba wa kimataifa: mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa. Kisha ikaweka utaratibu huu:

1. Kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Oktoba, serikali ya Rais inashauriana na kamati za sheria za mabaraza yote mawili.
2. Baada ya mashauriano, Rais anatangaza idadi ya juu ya wakimbizi wanaoweza kupokelewa mwaka huo, na mgawanyo wake.
3. Dharura isiyotarajiwa ikitokea katikati ya mwaka, Rais anaweza kuongeza idadi baada ya kushauriana tena.

Soma vizuri hatua ya kwanza. Sheria inasema kushauriana, haisemi kupiga kura. Kongresi inaweza kulalamika, kuuliza maswali na kubana fedha, lakini neno la mwisho juu ya idadi ni la Rais. Na idadi hiyo ni ukomo wa juu tu, si ahadi. Serikali haivunji kiwango hicho ikipokea watu wachache zaidi.

Tazama jinsi namba zilivyopanda na kushuka:

- Mwaka wa fedha 1980: 231,700
- 2016: 85,000
- 2017: 110,000 chini ya Barack Obama, kisha ikashushwa hadi 50,000 na Donald Trump
- 2018: 45,000
- 2020: 18,000
- 2021: 15,000, kisha ikapandishwa hadi 62,500 na Joe Biden mwezi Mei
- 2022 hadi 2024: 125,000 kila mwaka
- 2026: 7,500

Mwaka 2021 unafundisha jambo. Ukomo ulipandishwa hadi 62,500, lakini waliofika hawakuzidi 12,000. Maofisa walikuwa wamepunguzwa, ofisi za mapokezi zilikuwa zimefungwa, na korona ilikuwa imesimamisha usaili. Ilichukua miaka kujenga upya. Mwaka wa fedha 2024 waliofika walikuwa takribani 100,000, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iliongoza kati ya nchi zote.

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa tena, Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi kuanzia tarehe 27 Januari. Watu waliokuwa na tiketi mkononi walirudishwa. Kwa mwaka wa fedha 2026 ukomo ulipangwa kuwa 7,500, na tangazo lilisema sehemu kubwa ya nafasi ni kwa Wazungu wa Afrika Kusini waitwao Waafrikana. Kongresi haikuifuta Sheria ya 1980. Sheria ipo palepale, ila mlango unaopitia humo umebanwa na yule ambaye sheria hiyohiyo ilimkabidhi komeo.

Vikwazo vya kuingia nchini ni jambo jingine

Watu huchanganya idadi ya wakimbizi na vikwazo vya visa. Ni mamlaka mawili tofauti.

Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952 inampa Rais uwezo wa kuzuia kundi la wageni kuingia akiona kuingia kwao kutaidhuru Marekani. Mwaka 2017 Rais Trump aliitumia dhidi ya raia wa nchi kadhaa, zikiwemo Somalia na Sudan. Mahakama za chini zilimzuia, naye akaibadilisha amri. Mwezi Juni 2018 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliikubali amri ya tatu. Mwaka 2021 Rais Biden aliifuta.

Mwezi Juni 2025 tangazo jingine lilitoka. Lilizuia raia wa nchi 12, kati yake Somalia, Sudan, Eritrea na Jamhuri ya Congo, ile ya Brazzaville. Nchi nyingine 7 ziliwekewa vikwazo vya sehemu, na Burundi ikiwa mojawapo. Angalia jina: Congo iliyotajwa katika tangazo hilo haikuwa ya Kinshasa. Orodha za namna hii huongezwa na kupunguzwa na Rais bila kura ya Kongresi, kwa hiyo usitegemee orodha ya zamani.

Mfuko wa fedha uko mikononi mwa nani?

Katiba inasema fedha haitoki hazina bila sheria ya matumizi. Hii ndiyo silaha kubwa ya Kongresi. Rais hupeleka mapendekezo ya bajeti, lakini Kongresi ndiyo inayoandika kiasi. Wasipokubaliana kabla ya tarehe 1 Oktoba na pasiwe na sheria ya muda, ofisi nyingi za serikali hufungwa. Mwaka 2025 zilifungwa kwa siku 43, muda mrefu kuliko wakati wowote kabla yake.

Hapa ndipo mambo ya Washington yanapofika kwenye mzani wa mgao wako. Kwa miaka mingi Marekani imekuwa mchangiaji mkubwa kuliko wote wa WFP na UNHCR. Sheria ya mwaka 2003 ya kupambana na Ukimwi, ambayo mpango wake unajulikana kama PEPFAR, imelipia dawa za kupunguza makali ya virusi katika zahanati nyingi za nchi zetu. Hizo zote ni fedha zilizopigiwa kura na Kongresi.

Je, Rais anaweza kukataa kutumia fedha ambazo Kongresi imeshapitisha? Mwaka 1974, baada ya ugomvi na Rais Nixon, Kongresi ilipitisha sheria juu ya jambo hilo. Rais akitaka kufuta fedha fulani, anaiomba Kongresi. Anaweza kuzizuia kwa siku 45 za vikao, na Kongresi isipokubali katika muda huo, lazima azitoe.

Mwaka 2025 sheria hiyo ilijaribiwa sana. Serikali ilisimamisha misaada ya nje mwezi Januari, na shirika la USAID likaacha kusimamia misaada tarehe 1 Julai. Mwezi huohuo Kongresi yenyewe ilikubali ombi la Rais la kufuta takribani dola bilioni 9, nyingi zikiwa za misaada ya nje. Katika Seneti kura zilikuwa 51 dhidi ya 48. Mwezi Agosti Rais alipeleka ombi jingine mwishoni kabisa mwa mwaka wa fedha, wakati siku 45 haziwezi kuisha kabla fedha hazijapitwa na muda. Septemba Mahakama ya Juu iliiruhusu serikali kuendelea kuzuia takribani dola bilioni 4 wakati kesi ikiendelea.

Kwa hiyo ukiambiwa chakula kimepunguzwa kwa sababu ya fedha, si lazima mtu wa kambini awe ameiba. Inawezekana kura chache tu ndizo zilizoamua, mbali na hapa.

Kwa wafanyabiashara wa jamii za wenyeji, mfano ulio karibu ni AGOA, sheria ya biashara na Afrika ya mwaka 2000. Kongresi ndiyo iliyoitunga, lakini ilimpa Rais uwezo wa kusema nchi ipi inastahili. Ndivyo Burundi ilivyoondolewa tangu Januari 2016, na Uganda tangu Januari 2024.

Mahakama inaweza kufanya nini?

Majaji wa mahakama kuu za serikali huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, na hukaa maisha yao yote kazini wasipofanya kosa kubwa. Mahakama ya Juu ina majaji 9. Rais hawezi kumfukuza jaji kwa sababu ya hukumu asiyoipenda.

Mahakama haianzi jambo yenyewe. Lazima mtu aliyeumizwa afungue kesi. Mwezi Februari 2025 wakimbizi na mashirika ya mapokezi walifungua kesi mjini Seattle kupinga kusimamishwa kwa mpango wa wakimbizi. Kati ya walalamikaji alikuwemo mkimbizi Mkongo. Jaji aliona kwamba Rais ana nafasi kubwa katika mambo ya uhamiaji, lakini hawezi kuibatilisha sheria nzima ya Kongresi, akazuia amri hiyo. Mwezi Machi mahakama ya rufaa ikasimamisha sehemu kubwa ya zuio hilo, isipokuwa kwa baadhi ya waliokuwa wamekubaliwa kabla ya tarehe 20 Januari 2025.

Jifunze hili: hukumu ya kwanza si mwisho. Kuna mahakama ya chini, ya rufaa na ya juu. "Tumeshinda kesi" siku ya Jumatatu inaweza kuwa "imesimamishwa" siku ya Ijumaa.

Rais akivunja sheria?

Baraza la Wawakilishi linaweza kumshtaki Rais kwa wingi wa kawaida wa kura. Kisha Seneti husikiliza kesi, na kumwondoa kunahitaji theluthi mbili. Waliowahi kushtakiwa ni Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998, na Donald Trump mara mbili, mwaka 2019 na 2021. Hakuna hata mmoja aliyeondolewa na Seneti. Richard Nixon alijiuzulu mwaka 1974 kabla Baraza halijapiga kura. Kwa hiyo ukisikia Rais "ameshtakiwa", usidhani ametoka.

Ndugu zako walioko huko

Kanuni za uraia ni kazi ya Kongresi. Kwa sheria iliyopo, mkimbizi aliyefika anapaswa kuomba ukaazi wa kudumu, ile kadi watu wanayoiita grin kadi, baada ya mwaka mmoja. Kwa kawaida anaweza kuomba uraia baada ya miaka 5. Anaweza pia kumwombea mke au mume, na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa walio chini ya miaka 21, na ombi hilo linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miaka 2 tangu afike. Haki hiyo iko katika sheria. Kasi ya kushughulikia maombi, au kusimama kwake, inategemea ofisi zilizo chini ya Rais.

Akishakuwa raia anapiga kura, na anaweza kugombea. Baraza la Wawakilishi linataka mtu mwenye umri wa miaka 25 na uraia wa miaka 7. Seneti inataka miaka 30 na uraia wa miaka 9. Ilhan Omar, mzaliwa wa Somalia aliyeishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, alipata uraia mwaka 2000 na akachaguliwa mwaka 2018 kuwa mbunge kutoka Minnesota. Lakini hawezi kugombea urais, ambao Katiba imewaachia waliozaliwa raia.

Kwa hiyo ukitaka ndugu yako afuatilie jambo lako, mwambie awaandikie mjumbe wa eneo lake na maseneta wake wawili. Kila ofisi ya mbunge ina watu wa kufuatilia matatizo ya wakazi kwenye idara za serikali. Mbunge hawezi kuamuru faili likubaliwe, lakini anaweza kuuliza limefika wapi. Huduma hiyo ni bure.

Maswali matano ya kupima habari

Kabla hujaamini wala kutuma mbele, jiulize:

1. Nani ameamua? Rais, Kongresi au mahakama? Kama habari haisemi, isubiri.
2. Ni hatua gani? Pendekezo, mswada, sheria, amri, au hukumu yenye rufaa?
3. Inahusu nini hasa? Idadi ya wakimbizi, visa, au fedha? Kila kimoja kina njia yake.
4. Inaanza lini, na inahusu nchi ipi? Soma jina la nchi mara mbili.
5. Anayeileta anataka nini? Akitaja pesa, habari imeishia hapo.

Kumbuka pia mipaka ya mamlaka haya. Rais wa Marekani hawezi kufunga Nyarugusu, Nakivale wala Kakuma. Kambi na makazi yako chini ya serikali za nchi zinazokupa hifadhi: Tanzania ina sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 1998, Uganda ya mwaka 2006, Kenya ya mwaka 2021. Kusimama kwa safari za Marekani hakufuti hadhi yako ya ukimbizi hapa ulipo, na hakuzuii nchi nyingine kupokea watu kwa taratibu zao.

Huduma za UNHCR na washirika wake, pamoja na makazi mapya katika nchi ya tatu, ni bure. Hakuna saini ya Rais inayouzwa na hakuna kiti cha ndege kinacholipiwa kwa simu. Ukiombwa pesa, chukua jina na namba, kisha ripoti kwenye ofisi ya ulinzi ya UNHCR au sanduku la malalamiko lililo karibu nawe.

Hakikisha namba yako ya simu na taarifa za familia yako ni sahihi katika usajili: mtoto aliyezaliwa, ndoa, kifo, au kuhama kijiji. Mamlaka ya Washington hayako mikononi mwako, lakini karatasi zako ziko. Na mtoto abaki shuleni na shamba lilimwe msimu ukifika, iwe safari ipo au haipo.